Jinsi ya kumwekea mgonjwa wa moyo daftari (na maswali ya kuuliza kabla hamjaanza kuchanga pesa za India)

Mjomba wetu wa Nairobi alirusha brosha kwa grupu ya familia saa tano usiku. Hospitali ya India, daktari amekunja mikono anatabasamu, na chini kwa maandishi makubwa: kubadilishwa moyo, asilimia 90 wanapona. Akaongeza tu "Huyu mtoto apelekwe, tuanze kuchanga Jumapili." Kufika asubuhi watu kumi na moja walikuwa washaahidi, mmoja ameahidi ng'ombe.

Huyo mtoto ni sista yangu mdogo, miaka 31, hapa tumuite Achi. Wiki tatu baada ya kujifungua miguu ilianza kufura, usiku akawa halali bila mito mitatu, sisi tukasema ni uchovu wa kunyonyesha, kumbe ni moyo umepanuka. Eko ya kwanza, ile picha ya moyo ya ultrasound, ikatoka na EF 22. EF ni hivi: moyo ukijaa damu halafu ukabana, ni asilimia ngapi ya hiyo damu inasukumwa nje. Mtu mwenye afya huwa 55 kwenda juu, kwa hivyo wa Achi ulikuwa unasukuma kama moja kwa tano tu, ingine inabaki humo ndani na maji yanarudi kwa mapafu na miguu.

Mimi si daktari, nina saiba tu hapa Kondele, Kisumu, natoa kopi na kujazia watu fomu. Lakini miaka miwili ya kuzunguka naye kliniki niliona jambo moja, kwamba kila mahali tulipopita walihesabu kuwa Achi amekuja, hakuna aliyemfuata baada ya kutoka pale mlangoni. Ikabidi nimfuate mimi.

Anza na kaunta buku, ile ya kava ngumu, usinunue daftari za watoto wa shule zinararuka haraka. Na usianze na simu. Simu inaibiwa, tena inaisha chaji ile saa umefika kajualti, pale kwa wagonjwa wa dharura. Ukurasa wa kwanza andika majina yote vile yako kwa kitambulisho, namba ya kitambulisho, namba ya SHA (bima ya afya ya serikali), namba ya faili ya kila hospitali aliyowahi kuonwa, jina la ugonjwa (mwombe daktari akuandikie kwa mkono wake, usiandike vile umesikia), dawa na miligramu zake, dawa zinazomdhuru, na simu za watu wawili. Dawa ziandike na penseli juu zinabadilishwa kila saa. Nimekaa kajualti nikasikia mtu anaulizwa mgonjwa wake anameza nini, anasema "ile ndogo ya pinki na ile ingine ya kukojoza", na daktari anamwangalia tu.

Kisha uzito, na hapa usicheze. Kila asubuhi akitoka choo, kabla ya chai, nguo nyepesi ileile, mzani uleule. Sisi mwanzo hatukuwa na mzani, Achi alikuwa anapimwa na yule jamaa wa stejini wa shilingi kumi, siku moja 61, kesho yake 63, tukakimbia mbio kumbe jamaa alikuwa amebadilisha mzani na Achi alikuwa amevaa viatu na kubeba mtoto mgongoni. Tukanunua wetu. Pembeni ya uzito weka mito mingapi amelalia na miguu iko aje. Wiki moja ya mwezi wa tano ilienda hivi:

Jumatatu 58.2, mito 2, miguu sawa.
Jumanne 58.9, mito 2, miguu sawa.
Jumatano 60.4, mito 3, soksi imeacha alama.

Kilo mbili kwa siku tatu si kunenepa, hayo ni maji. Tulienda Jumatano hiyo hiyo, nikafungua daftari mbele ya daktari, akaangalia hiyo mistari mitatu tu hata hakuuliza maswali mengi, Achi akapigwa sindano ya Lasix, dawa ya kukojoza maji, akalala siku mbili akarudi nyumbani. Mara ya kwanza, kabla ya daftari, tulingoja mpaka anapumua kama ametoka kukimbia, akalazwa siku kumi na tano.

Hapa sasa niongee kama mtu wa saiba. Zile karatasi nyororo za ECG (kile kipimo cha mapigo ya moyo) na picha za eko zinazotoka kama risiti ya supamaketi zinafifia. Ukiziacha kwa dashibodi ya gari au juu ya mabati mwezi mmoja unabaki na karatasi nyeupe. Toa kopi siku hiyo hiyo kwa karatasi ya kawaida, na tafadhali usilaminishe ile yenyewe, huo moto unaifanya nyeusi yote, nimeona mama akilia hapa kaunta yangu juu ya hiyo kitu na si mimi nililaminisha. Ukishapata kopi, piga picha, jitumie kwa imeli, na jina la faili lianze na mwaka, mwezi, siku, ndo zijipange zenyewe. Omba pia ripoti ya eko iliyoandikwa, si picha peke yake, na ile karatasi ya kuruhusiwa kutoka wadi. Hiyo ni haki yako, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inasema unaweza kuomba kuona taarifa zako zinazowekwa na mtu yeyote, hospitali ikiwemo. Lakini ukweli ni kwamba ukienda dirishani ukianza na sheria utangoja mpaka jioni. Anza na habari ya asubuhi, sheria ibaki mfukoni.

Majina nayo. Achi alikuwa watu watatu. Mahali pamoja ni jina la kizungu kwanza, pengine jina la baba limeanza, na kule alikojifungulia wameandika jina la bwanake. Kwa hesabu ya mtu yeyote anayejumlisha hizo rejista, hao ni wanawake watatu wenye moyo uliopanuka, na wawili wao walikuja mara moja tu wakapotea. Angalia kila karatasi kabla hujaondoka dirishani, majina matatu kwa mpangilio wa kitambulisho na namba yake. Wakiwa wamekosea, irekebishwe hapo hapo.

Hospitali moja, sitaitaja, ilipoteza faili lake lote. Mama wa rekodi alitoka nyuma ya rafu na biro kwa nywele, akiwa amebeba mafaili ya watu wengine yamefungwa na bandeji, ndiyo bandeji ile ya kidonda, akasema "Halionekani, tufungue lingine." Sikumkasirikia sana, ile stoo ilikuwa imejaa mpaka dirishani na wako wawili. Lakini lingine maana yake mgonjwa anaanza upya, hana historia, EF 22 haijawahi kuwepo. Nikatoa kopi zangu. Daktari wa kliniki akaweka eko tatu sambamba juu ya meza: 22 mwezi wa kwanza wa ugonjwa, 31 mwezi wa tano, 41 mwezi wa kumi na nne. Akasema moyo huu unapanda, wanawake wengi wanaougua baada ya kuzaa moyo hurudi kwa dawa ukipewa muda, mambo ya kubadilisha moyo hayaingii hapa saa hii. Bila ile karatasi ya 22 angeona 41 peke yake, na 41 ukiiona pekee yake inatisha. Mjomba nikampigia jioni. Alinyamaza kidogo akauliza, "Sasa ng'ombe?"

Lakini si kila mtu ana bahati ya Achi. Kuna wale dawa zimegonga mwamba na daktari mwenyewe ndiye ametaja transplanti, yaani kubadilishwa moyo. Kama ni nyinyi, kabla ya mtu kutuma hata mia, kaeni na hiyo asilimia muikague vile mngekagua shamba kabla ya kununua.

Swali la kwanza ni 90 kati ya wangapi. Hospitali iliyofanya mioyo 10 na 9 wako hai ina asilimia 90. Iliyofanya 200 na 180 wako hai pia ina 90. Ya kwanza, mgonjwa mmoja tu zaidi akifa inashuka mpaka 80, kwa hivyo hiyo 90 yake inaweza kuwa bahati tu.

La pili ni 90 mpaka lini. Kutoka hospitalini akitembea si kupona. Rejista ya kimataifa ya madaktari wa mioyo na mapafu, ambayo inakusanya data tangu miaka ya 80, inaonyesha kwa jumla kwamba kati ya watu 100 waliobadilishwa moyo, kama 85 hadi 90 hufika mwaka mmoja, na nusu hivi hupita miaka 12. Kwa hivyo ukiambiwa 90 bila muda, uliza, ni siku 30, ni mwaka, ni miaka mitano? Wakikujibu "wanapona", rudi uulize tena.

Swali ambalo watu hawaulizi ni hili la tatu: waliorudi kwao mmewahesabu aje? Mtu wa Busia ametoka India akiwa mzima, akafia nyumbani baada ya miezi minane, ile hospitali imejuaje? Kama haikumpigia na nyinyi hamkuipigia, kwa vitabu vyao bado yuko hai, ama wamemtoa kabisa kwa hesabu. Na wale waliofia kwa foleni wakingoja moyo hawaingii kwa hiyo 90 hata kidogo, yenyewe inaanza kuhesabu siku ya upasuaji. Foleni yenyewe mwulize vizuri, juu kule India moyo wa mtu aliyefariki hupewa Wahindi kwanza, mgeni hufikiriwa mwisho ikikosekana raia wa kuupokea. Mnaweza kukaa miezi kwa nyumba ya kukodisha mkila pesa za mchango. Na mtu asiwadanganye eti moyo utatumwa kwa ndege ukaja huku, moyo ukitolewa una masaa manne hivi kwa barafu, hiyo ni chini ya muda wa basi la Kisumu kwenda Nairobi.

Ukitaka kuona vile hii kitu hufanywa ikifanywa vizuri, ingia uone ya Marekani. Sheria yao ya 1984 ndiyo ilileta mfumo ambao kila transplanti inaandikwa, na kila hospitali matokeo yake yanawekwa wazi kila baada ya miezi sita, unafungua unaona imefanya ngapi, wangapi wako hai mwaka mmoja baadaye, na wangapi walitarajiwa kuwa hai ukizingatia ugonjwa wao. Uingereza nao walijifunza kwa uchungu, pale Bristol watoto waliopasuliwa moyo walikuwa wanakufa kuliko hospitali zingine kwa miaka, kuna daktari wa usingizi pale ndani alikuwa anahesabu mwenyewe na kupiga kelele, uchunguzi wa serikali ukatoka 2001, na baada ya hapo matokeo ya upasuaji wa moyo yakaanza kutangazwa hadharani. Hata transplanti ya moyo yenyewe iliokolewa na hesabu. Daktari Christiaan Barnard alifanya ya kwanza Cape Town tarehe 3 Desemba 1967, mgonjwa wake Louis Washkansky akaishi siku 18. Dunia nzima ikakimbilia, halafu watu walipoangalia ni wangapi wamefika mwaka, hospitali nyingi zikaacha kabisa mpaka dawa ya ciclosporin ilipokuja miaka ya 80 ikashika ile vita ya mwili kukataa moyo wa mgeni.

Sasa tuseme mmeenda, amepata, amerudi Kisumu. Daftari halikomi, linakuwa nene zaidi. Dawa za kuzuia mwili kukataa moyo ni za maisha, tacrolimus mara nyingi ni kila masaa 12, na damu ya kupima kiwango chake inatolewa asubuhi kabla hajameza, akimeza kwanza hicho kipimo ni bure na pesa imeenda. Kwa hivyo andika saa aliyomeza na saa aliyotolewa damu, zote mbili. Andika namba ya kipimo na si neno "sawa". Moyo uliopandikizwa umekatwa neva zake, unapiga haraka hata akiwa amekaa, na mishipa yake ikiziba anaweza asisikie uchungu wowote kifuani, ndo maana hamuwezi kungoja alalamike. Na huku kwetu kuna TB, mtu akianzishiwa dawa za TB, ile rifampicin ndani yake inashusha tacrolimus vibaya sana, moyo unaweza kukataliwa kwa sababu ya dawa nzuri kabisa iliyotolewa na mtu ambaye hakuambiwa. Ukurasa wa kwanza, kwa wino mwekundu: AMEBADILISHWA MOYO, USIMPE DAWA MPYA BILA KUPIGA SIMU HII.

Nimeulizwa mara nyingi hapa saiba kama daftari la mtu mmoja linasaidia nini taifa. Peke yake halisaidii, nakubali. Takwimu za hospitali zetu zinaenda juu kila mwezi, ule mfumo wa kitaifa ulianza 2011 na ni mzuri kwa kazi yake, lakini kazi yake ni kujumlisha, wagonjwa wangapi wa hiki, wangapi wa kile. Huwezi kuuliza huo mfumo yule wa EF 22 wa Machi yuko wapi leo. Na usiniambie haiwezekani huku. Mosoriot, hapo Nandi, tangu 2001 walikuwa wanaweka rekodi za wagonjwa kwa kompyuta, na kazi hiyo pamoja na ile ya AMPATH Eldoret, ule mradi wa kutibu HIV, ndo ilizaa OpenMRS, programu ya rekodi za wagonjwa inayotumika sasa nchi nyingi. Mtu wa CCC, ile kliniki ya HIV, ana namba yake, akikosa siku ya dawa anapigiwa simu, asiposhika mtu anatumwa mpaka boma. Eldoret kuna rejista ya saratani tangu 1999. Mgonjwa wa moyo naye akikosa kliniki, amekosa tu.

Tena pale watu walipokubali kumfuata mgonjwa wa moyo Afrika, tulichoona si kidogo. Utafiti mmoja wa 2007 hadi 2010 ulifuata watu 1,006 waliolazwa na moyo kushindwa kazi kwa nchi tisa, Kenya ikiwemo. Wastani wa umri ulikuwa miaka 52, yaani watu bado wanalipa karo, na karibu 18 kwa kila 100 walikuwa wamefariki ndani ya miezi sita. Hiyo namba ilipatikana kwa sababu mtu alipiga simu baada ya miezi sita. Bila hiyo, nani atapangia kaunti ya Siaya ama Kakamega mashine za eko ngapi, na nani atasema kama Kenya inahitaji kituo cha transplanti ya moyo ama kwanza tumalize yale magonjwa ya koo ya watoto yasiyotibiwa ambayo huharibu valvu za moyo?

Kwa hivyo fanya mambo mawili. Ukiwa na daftari, mwombe daktari au mtu wa rekodi wa kliniki yako aingize eko za zamani kwa mfumo wao, na tarehe zake halisi. Wakikuuliza ruhusa ya kuweka data ya mgonjwa kwa utafiti au rejista, soma ile fomu, uliza nani ataiona na kama jina litatolewa, na ukiridhika sema ndiyo. Usisaini tu kwa sababu kuna foleni nyuma yako.

La pili, andika barua. Sheria ya Upataji Habari ya 2016 inakuruhusu kuomba habari kwa ofisi ya umma kwa maandishi, kwa Kiswahili au Kiingereza, na wana siku 21 za kukujibu. Mimi niliandika hivi, ichukue ubadilishe:

"Kwa mkurugenzi wa afya wa kaunti. Naomba kujua: kati ya wagonjwa waliolazwa kwa moyo kushindwa kazi katika hospitali za kaunti mwaka uliopita, ni wangapi, wangapi walirudi kliniki ndani ya miezi 3, na wangapi wanajulikana kuwa hai baada ya mwaka mmoja. Sihitaji jina la mtu yeyote."

Peleka nakala mbili, yako igongwe muhuri na tarehe. Wakijibu hawana hizo takwimu, hilo nalo ni jibu, litoe kopi na ubebe siku ya maoni ya wananchi kuhusu bajeti ya kaunti, useme hapo mbele ya MCA, yule mwakilishi wa wadi, kwamba kaunti imeandika kwa mkono wake haijui. Wasipojibu kabisa, malalamiko yanaenda kwa ofisi ya Ombudsman.

Kuna kitu kimoja kimebaki na hakuna mtu hupenda kukiongelea. Jirani yetu mmoja, mzee wa moyo pia, alizikwa Agosti kule kwao Ugenya. Alifia nyumbani, chifu msaidizi akaandika kibali, mambo yakaisha. Novemba simu yake ilikuwa imebaki na mjukuu, ikaingia meseji: mpendwa mgonjwa, unakumbushwa kliniki yako ya Alhamisi. Desemba ingine. Kwa ile kompyuta mzee hajafa, ni mtoro. Mama mjane akaniletea simu nimfungie hizo meseji, nikamwambia mama, tusizifunge kwanza, nipe kadi yake ya kliniki. Nikapiga, nikangoja, nikawapa jina, namba ya faili, tarehe aliyofariki, na vile alivyokuwa siku mbili za mwisho, kwamba alikuwa amefura na analala ameketi. Yule kijana wa upande ule akaniuliza nirudie tarehe, nikasikia anabonyeza. Dakika nne, bob kumi ya kredo.